Utepe wa DJ Sururu

Sufiani ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, na kama si udugu ningekuwa nimeshafuta namba yake siku nyingi. Ana banda la kuonyeshea video pale Chanika, Handeni mjini, banda la mabati lenye mabenchi ya mbao na kitambaa cheupe ukutani. Akikuahidi kitu anakuapia mpaka unaona aibu kumwuliza mara ya pili.

"Dada Mwanaisha, wewe njoo tu," aliniambia kwenye simu. "Filamu ninayo. Ile ya mwisho yenyewe. Na maandishi yapo chini, yanasomeka mpaka benchi la nyuma."

"Sufiani, nisikilize vizuri. Evodia ni kiziwi, unajua. Anafuata filamu kwa kusoma. Bila maandishi hatuna safari."

"Dada, mimi si mtoto mdogo. Wallahi maandishi yapo."

Basi nikafunga saluni siku ya Jumamosi. Msusi yeyote wa kwetu Manundu, Korogwe, atakuambia kufunga saluni Jumamosi ni wazimu, maana Jumapili kuna harusi na kipaimara na kila mtu anataka kichwa. Wateja wawili walikuja nikiwa naweka kufuli, nikawaambia nimefiwa. Mungu anisamehe. Nilikuwa na jambo kubwa kuliko rasta za mtu.

Evodia ana cherehani yake chumba cha pili kutoka saluni kwangu. Baba yake alikata mkonge Ngombezi mpaka mgongo ukakataa, na Evodia kazaliwa kulekule kambini, kwenye zile nyumba za mstari za wafanyakazi. Mimi ni Mzigua wa Handeni, baba yangu mzee Awadhi analima mahindi na hajawahi kupanda mkonge hata mche mmoja. Tulikutana shule ya bweni, Handeni, kidato cha pili, na kilichotukutanisha ni sanduku la vitabu.

Vitabu vyenyewe vilikuwa sita, vya msaada, vya Kiingereza, vinanuka dawa ya mende. Tukaviita kwa Kiswahili chetu: Lango la Chumvi. Ni hadithi ya wasichana wawili, Ilva na Maruna, walinzi wa lango linalozuia chumvi isimeze nchi yao yote. Evodia alishika kamusi, mimi nilishika kitabu, wakati wa prepo, huku wenzetu wanasoma biolojia. Tulichapwa, tukasoma. Tulinyang'anywa, tukaiba, tukasoma tena.

Sasa humo ndani kuna kitu nitakachokueleza, maana bila hicho hutanielewa. Ilva na Maruna, wangali watoto, waliwekeana alama. Mahali ambapo sauti haifiki, unagonga kifua chako mara mbili kwa kiganja, na maana yake ni moja: nipo. Basi. Na kwenye kitabu cha sita, sura ya mwisho kabisa, lango inabidi lifungwe na mtu aliye ndani, na atakayefunga hatatoka tena. Ilva anabaki. Dhoruba ya chumvi inavuma, Maruna anamwita, anapasua koo, hakuna kinachosikika. Ilva anageuka, anamtazama, anagonga kifua mara mbili. Lango linafungwa. Tulilia siku ile mpaka matroni akatuuliza nani kafa nyumbani.

Alama ile tukaifanya yetu. Tuligongeana ukumbini wakati wa chakula, tuligongeana chumba cha mtihani msimamizi akigeuka. Utoto tu. Halafu tukakua, tukaenda Korogwe kutafuta maisha, na homa ya uti wa mgongo ikamlaza Evodia hospitali mpaka tukakata tamaa. Alipoamka alikuwa hasikii. Mama yake alikuwa anampigia kelele sikioni, muuguzi anampungia mikono, yeye anatazama dari tu, machozi yanaingia masikioni. Nikasimama miguuni pa kitanda ili anione. Nikagonga kifua mara mbili. Akanitazama muda mrefu. Kisha akatoa mkono chini ya shuka, akagonga na yeye.

Kwa hiyo usiniambie ni filamu tu.

Tangu hapo mimi ndiyo masikio yake. Sokoni mimi, benki mimi, hospitali mimi. Hata kanisani, mimi Mwanaisha na ushungi wangu, nilikaa benchi la mbele kwenye ndoa ya mdogo wake namwandikia mahubiri ya padri kwenye simu, padri mwenyewe ananitazama kwa jicho la pembeni. Watu wameshazoea. Mteja akitaka gauni haongei na Evodia, anakuja kwangu: "Mwulize anaweza kunishonea mshono wa hivi?" Namjibu papo hapo: anaweza. Evodia anajua kuongea, sauti yake ipo, ila haipimi tena. Inatoka kubwa, inatoka na mawimbi, na watu wajinga wanacheka. Basi akaacha kuongea mbele za watu. Anaongea na mimi tu, ndani, tukiwa wawili.

Filamu za Lango la Chumvi zilipoanza kutoka tuliziona zote kwenye simu, vichwa vimegusana, na maandishi yake chini. Ya mwisho tuliapa tutaiona kubwa, ukutani, kama watu. Nilipiga simu mpaka Dar kwenye sinema ya viyoyozi, binti akanijibu kwa pua kwamba maandishi hawaweki. Na mtandaoni watu wakaanza kusema kwamba waliotengeneza filamu wameitoa ile sura ya mwisho. Ati haina vita. Ati mtu kugonga kifua halafu mlango ufungwe, nani atalipa kuangalia hicho?

Evodia aliyasoma hayo, akaacha gauni la watu kwenye mashine, akaja mpaka saluni nikiwa nimemshika mteja kichwa. Akaandika kwenye simu yake, akanionyesha: *Wakiitoa hiyo, sitawasamehe.*

Nikamjibu kwa midomo: na mimi pia.

Ndiyo maana tulikuwa Handeni siku ile saa nane na nusu mchana, jua linachoma, Evodia kavaa kitenge chake kipya cha njano alichojishonea kwa ajili ya filamu.

"Shikamoo dada," Sufiani akanipokea mlangoni, meno yote nje. "Shikamoo dada Evodia!" Hiyo ya pili aliipiga kwa kelele karibu na uso wake. Evodia akarudi nyuma hatua moja, akatabasamu kwa adabu.

"Sufiani, usimpigie kelele. Amekuona."

"Nimemwandalia sehemu maalumu," akasema. "Nyinyi si wa kukaa kwenye mabenchi."

Akatupeleka mbele. Kulikuwa na viti viwili vya plastiki, kimoja amekitandika khanga kabisa, na kiti hicho chenye khanga kilikuwa kimebandikwa ubavuni mwa spika. Spika lenyewe lina ukubwa wa kabati la vyombo.

"Hapa sasa," akasema kwa fahari, "hata aliye kule kijijini Misima atasikia, sembuse yeye."

Nilimtazama. Nikatafuta kama anatania. Wapi! Alikuwa ananisubiri nimshukuru.

"Sufiani. Kiziwi. Unamweka kwenye spika?"

"Si ndiyo maana nimeongeza sauti, dada?"

Nikajiambia, Mwanaisha, maandishi yapo, mengine yaache. Nikavuta viti viwili vile katikati, mbele ya kitambaa. Vijana waliokuwa nyuma wakaguna kwamba ninawaziba, nikajitia hamnazo. Wengi wao walikuwa wamevaa jezi tayari. Saa kumi na moja kulikuwa na mechi, na wao waliingia mapema kuwahi nafasi. Filamu kwao ilikuwa kitu cha kusubiria mpira.

Taa ikazimwa. Kitambaa kikawaka. Milima myeupe ikatokea, ile ile tuliyoiona vichwani mwetu tukiwa na miaka kumi na tano, na Evodia akanishika mkono akaubana. Nikasema moyoni, alhamdulillahi.

"KARIBUUUUNI!" spika likapasuka. "Hapa ni mimi, DJ Sururu, mchimbaji wa maneno! Kaa mkao wa kula! Hii inaitwa Mlango wa Kifo, sehemu ya mwisho!"

Na chini ya kitambaa, pale pale maandishi yanapokaa, ukatandazwa utepe mwekundu mpana, umeandikwa DJ SURURU na namba ya simu, kwa herufi za njano. Kwenye ukingo wa utepe vilichungulia vichwa vya herufi nyeupe. Maandishi kweli yalikuwepo. Yalikuwa chini ya utepe.

Niliinuka nikamfuata Sufiani kwenye meza yake ya mitambo.

"Hii nini?"

"Ya kutafsiriwa, dada! DJ Sururu, hakuna mkali kama yeye kwa sasa."

"Nilikuambia maandishi!"

"Maandishi nilikuwa nayo. Nilipata zote mbili. Nikaona yule dada mgonjwa, nimtese na kusoma Kizungu masaa mawili? Nikamtafutia ya Kiswahili. Nimeilipia zaidi, muulize mtu yeyote."

"Ile nyingine iko wapi?"

"Nimeifuta. Flashi ilikuwa imejaa."

Jamani. Mtu amekutendea wema, na wema wenyewe umekuharibia kila kitu, utamfanya nini? Nilimtukana kwa Kizigua, taratibu, ili vijana wa jezi wasielewe, lakini wale ni watoto wa Handeni, wakaelewa wote, wakacheka. Nikarudi kwenye kiti. Evodia alikuwa ameuonyesha utepe kwa kidole, uso wake wote ni swali.

Nikatoa simu. Nikamwandikia: *Usijali. Nitakuandikia mimi.*

Akasoma, akaitazama simu, akanitazama.

Nilianza kazi. DJ Sururu anaropoka, mimi chini ya maropokwa yake nakitafuta Kiingereza cha wenyewe, nakikamata neno hapa neno pale, naandika kwa vidole vya msusi, namwekea simu mbele ya uso. Lakini yule mtu hakuwa anatafsiri. Alikuwa anajifurahisha! Ilva alimwita Mwajuma. Maruna alimwita Mama Ngumi. Wakati wazee wa lango wanakaa kikao cha kuamua nani atabaki ndani, kikao ambacho mimi na Evodia tulikisoma mara kumi, yeye akasema wanagombea zamu ya kuchota maji. Banda zima likaangua kicheko. Dhoruba ya chumvi ikaanza kuanguka kwenye vijiji, watoto wanakimbia, DJ Sururu akasema, "Oneni unga wa sembe huo, na bei ilivyopanda!"

Na waliotengeneza filamu nao wana lao, nisiwaache. Bibi kizee wa lango, yule kipofu aliyewafundisha, hayumo kabisa. Amefutwa kama ile filamu kwenye flashi ya Sufiani. Badala yake wameweka mwana wa mfalme mwenye kidevu kipana, hajulikani katokea wapi, kwenye vitabu sita hayupo hata ukurasa mmoja, na kazi yake ni kuvua shati. Nilimwandikia Evodia yote hayo. *Bibi wamemtoa. Huyu wa kidevu ni nani? DJ anasema ni afisa kilimo.* Simu juu, simu chini. Evodia alikuwa ananyoosha shingo upande wa kulia, kisha kushoto. Nikamfuata na simu ili asikose.

Akanishusha mkono, polepole. Nikaupandisha tena.

"Peleka mbele!" mtu akapiga kelele nyuma. "Hapo wanaongea tu, peleka mbele!"

Na Sufiani, mtoto wa shangazi yangu, akabonyeza rimoti. Filamu ikaruka. Maruna aliyekuwa ameanza kumsuka Ilva nywele kando ya moto, tukio ambalo mimi kama msusi nilikuwa nalisubiri kuliko watu wote duniani, ghafla yuko juu ya farasi ana upanga.

Niliruka kutoka kwenye kile kiti.

"Umefanya nini?"

"Dada, watu wanalalamika. Mechi saa kumi na moja, na mimi lazima niunganishe king'amuzi mapema."

"Lete rimoti."

"Dada..."

"Sufiani, lete rimoti kabla sijampigia mama yako."

Akaleta. Shangazi yangu anaogopwa kuliko mimi. Kijana mmoja wa jezi akasema, "Kwani mama, hii ni filamu au msiba?" Nikamtolea uvivu: "Ni filamu. Msiba utakuwa wako ukiendelea kuongea." Wenzake wakamzomea. Nikakaa, rimoti mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia, na hasira zangu zote mapajani. Kama kuna sura ya mwisho humo ndani, wataipitisha yote, hata mpira uchezwe kesho.

Tukaenda hivyo. Vita, vita, vita. Chumvi. Kidevu akavua shati. Watu wa mpira wanazidi kuingia, mlango unafunguka, mwanga unapiga kitambaa, kila kitu kinapauka, nawageukia kuwaambia funga mlango huo, narudi kuandika. Nilimwandikia kila nilichoweza. Macho yalikuwa yananiuma.

Basi lango likaonekana. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kufikiri, jeupe, linang'aa, na Ilva amesimama ndani yake, mdogo kabisa. Nikaanza kuandika: *Sasa wamefika, DJ anasema Mwajuma*

Evodia akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu.

"MWANAISHA, ACHA," akasema. "NAONA."

Kwa sauti. Mbele za watu. Ile sauti yake yenyewe, kubwa, yenye mawimbi, ambayo hakuwa ameitoa nje ya chumba tangu hospitali. Banda likanyamaza, halafu nyuma mtu akakoroma kicheko, na mwingine akaiga: "Naoonaa."

Hapo sikujizuia. Niligeuka nikawatafuta kwenye giza, nikawapa maneno yao, wao na waliowalea. Na wakati uleule spika nalo likaanza: "Wapenzi watazamaji, wakati huyu dada anahangaika na mlango wake, nikukumbushe, kwa harusi, kipaimara na matangazo ya biashara, piga namba iliyopo chini hapo..." Anatangaza namba ya simu! Pale! Mahali ambapo Ilva hana sauti, mahali pa kimya kuliko pote katika vitabu sita, yule mtu kaona nafasi ya tangazo! Niliinamia simu, nikaandika: *Huyu mtu hana haya hata kidogo, hapa hapa anatangaza namba yake, ningempata mimi ning*

Mlio mkubwa ukapita kwenye spika. Nikainua kichwa.

Lango lilikuwa limeshafungwa. Maruna alikuwa anatembea peke yake kwenye nchi nyeupe, na majina ya watu yakaanza kupanda.

"Wameitoa," nikasema. Nikasimama. "Wameitoa washenzi hawa! Wameitoa!"

Nikamgeukia Evodia nimkumbatie, nimwambie pole, tumesafiri bure. Alikuwa amekaa wima na kitenge chake cha njano, uso umelowa wote, kiganja kimelala kifuani. Akanitazama. Akatikisa kichwa: hapana. Akagonga mara mbili.

Nikadhani ananiambia mimi, ananituliza.

Akaona sijaelewa. Akanyoosha kidole kwenye kitambaa. Akagonga tena mara mbili.

"Ilikuwemo?" nikamwuliza kwa midomo.

"Ilikuwemo," naye akanijibu kwa midomo.

"Saa ngapi?"

Akaitazama simu mkononi mwangu. Hakuhitaji kusema zaidi. Simu ilikuwa bado inawaka na yale maneno yangu, *ningempata mimi ning*, hayajaisha.

Nilibonyeza rimoti kurudisha nyuma. Nilibonyeza kwa dole gumba lote. Kitambaa kikawa cheusi, kikafikiri, kikawaka milima myeupe. "KARIBUUUUNI! Hapa ni mimi, DJ Sururu..." Ilikuwa imerudi mwanzo kabisa. Banda likalipuka. "Mechi! Mechi! Toa hiyo!" Nilijaribu kupeleka mbele, ikagoma, ikarudi tena mwanzo. Sufiani akaja mbio, hakunitazama hata usoni, akachomoa waya. Ukutani ukatokea uwanja wa majani mabichi, na watu wakashangilia kama waliotolewa jela.

Tulitoka. Sikumbuki nilimwambia nini Sufiani, ila najua kwenye familia yanazungumzwa mpaka leo.

Tulifika stendi jua limeanza kulegea, basi la Korogwe limesimama, konda anaita abiria. Nilikuwa nimevimba kwa hasira. Nilimwambia Evodia, nikitembea mbele yake na kugeuka kila hatua ili aione midomo yangu, kwamba DJ yule ashitakiwe, kwamba Sufiani si ndugu tena, kwamba wale vijana hawana malezi, kwamba kidevu, kwamba bibi kizee. Nikawa bado naongea wakati Sufiani alipotokea na pikipiki, anahema, ameiacha mechi.

"Dada, chukua." Alikuwa na ile flashi mkononi. "Kaangalieni nyumbani. Irudieni mnavyotaka. Mimi nilidhani nafanya vizuri."

Niliitazama flashi. Ndani yake Ilva anagonga kifua, na juu ya kifua chake DJ Sururu anatangaza harusi na kipaimara, milele. Nilitaka kuikanyaga. Nilitaka pia kuichukua nikaiangalie usiku huohuo nikiwa peke yangu, nisikudanganye. Nikanyoosha mkono.

Evodia akanitangulia. Akaichukua yeye, akamrudishia Sufiani, akamgusa bega.

"ASANTE," akamwambia. "SIYO LAZIMA."

Watu wa stendi waligeuka. Muuza maji aligeuka, konda aligeuka. Nilimwona mwanamke mmoja anamkonyeza mwenzake, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Evodia akanishika mabega yote mawili akanikalisha kwenye benchi la abiria. Alinikalisha kama mimi ninavyowakalisha watoto wanaokimbia kitana.

"KILA SIKU UNANIAMBIA WEWE," akasema. "LEO NAKUAMBIA MIMI. KAA."

"Watu wanaku..."

"NIANGALIE MIMI. SIYO WAO."

Akarudi nyuma hatua chache, pale kwenye vumbi, kati ya basi na kibanda cha muuza maji. Akasimama. Nilimfahamu Evodia tangu kidato cha pili na sikuwahi kumwona amesimama vile. Alikuwa Ilva. Akaninyooshea kidole, maana yake mimi Maruna. Akaonyesha kwa mikono miwili lango linavyokuja, zito, pande zote mbili, na upepo unavyompiga usoni. Akaniambia Maruna alikuwa anaita, mdomo wazi hivi, shingo imetoka mishipa, na akaniambia kitu ambacho mimi na masikio yangu mazima sikukipata kwenye lile banda.

"HALAFU KUKAWA KIMYA," akasema. "KIMYA KABISA. NIKAJUA KWA SABABU MARUNA ALIACHA KUITA. ALIJUA ILVA HASIKII."

Akashusha mikono. Hakugonga mara moja. Alinitazama kwanza, na akatabasamu kidogo upande mmoja. Ndivyo yule mwigizaji alivyofanya, aliniambia baadaye. Kitabuni tabasamu hilo halimo. Kisha akainua kiganja, akagonga kifua. Akangoja. Akagonga tena. Halafu akaleta mikono miwili pamoja mbele ya uso wake, taratibu, mpaka macho yake yakapotea nyuma ya vidole.

Konda alikuwa ameacha kuita abiria. Yule mwanamke aliyekonyeza alikuwa ameshika mkoba wake kifuani.

Evodia akafungua mikono, akanichungulia, akiwa Evodia tena.

"UMEONA?"

Nikatikisa kichwa: hapana. Nilikuwa nalia mpaka kila kitu kimeingia ukungu, yeye na basi na stendi yote. Sikuandika chochote. Simu ilikuwa kwenye mkoba. Nilimwonyesha kwa kidole kimoja: rudia, tafadhali, polepole.

Akarudi mahali pake, akasimama.